Siku Ukoo Ulipomla Meja

Kwenye kilima hiki chetu cha Kathiani hakuna mtu anayejua chai kunishinda. Sijisifu, uliza popote. Naweza kuonja nikakwambia maziwa ni ya ng'ombe wa nani, na kama mama aliyeipika amenuna au hajanuna. Kwa hivyo siku ile ya mwezi wa pili, mwaka huu, Kavata aliponiwekea mezani kikombe cha turungi, nyeusi tii, bila hata punje ya sukari, niliangalia ndani ya kikombe, nikamwangalia yeye, nikauliza ni nani amekufa.

“Si mtu, Baba,” akasema. “Ni kuku.”

Kavata ni mke wa Ngui, na Ngui ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Kwa desturi yetu mimi ni baba mkwe wake kamili, kwa hivyo hawezi kunifokea hata nikistahili, na ninastahili mara nyingi. Ananiwekea chai, anarudi nyuma, anasimama karibu na mlango ameshikanisha mikono. Ni mwanamke mwembamba, mzaliwa wa upande wa Kivaa, kule jua linawafundisha watu kutopoteza maneno. Mimi humwita Waziri wa Fedha, naye hujifanya hajasikia.

Hao kuku walikuwa mia mbili. Alikuwa amekopa shilingi elfu tisini katika chama cha kina mama, kile kinachokutana kila Jumatano nyuma ya soko. Mwenyekiti wake ni Syombua, mwanamke ambaye hata mimi nikimwona mbali natafuta njia nyingine. Kavata akajenga banda, akanunua vifaranga, akanunua chakula chao, na kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikaja. Kwa siku tisa Ngui alikuwa nyuma ya choo anachimba na kufukia, anachimba na kufukia, mpaka nikamwambia sasa amehitimu, anaweza kuandikwa kazi makaburini. Hakucheka. Kuku wakaisha wote. Deni likabaki zima, halikupata hata mafua.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo mambo yote yamefungwa. Ngui hana kazi ya mshahara. Alichokuwa nacho ni ng'ombe wawili wa kulima, Chuma na Meja. Chuma anavuta kulia, Meja kushoto, na walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu wakiwa ndama. Mvua ya mwezi wa kumi ikikaribia, kilima kizima kinamngoja Ngui. Analimia watu mashamba kutoka alfajiri mpaka ng'ombe wakatae, na pesa ya hizo wiki chache ndiyo mshahara wake wa mwaka.

Syombua aliwataka hao ng'ombe mara moja. Alisema, uza mmoja, maliza deni, ulale. Kavata akamjibu mbele ya chama chote kwamba ng'ombe mmoja havuti plau, kwa hivyo ukiuza mmoja umeuza wote wawili, na baada ya hapo nyumba yake itakula nini. Akaomba wamngojee mpaka msimu wa kulima uishe, alipe deni lililobaki kwa mara moja. Kabla ya hapo, kila Jumatano ataleta kidogo, bila kukosa. Wakakubali. Akikosa Jumatano mbili, wakasema, wanakuja na kamba.

Hivyo ndivyo vita nilivyovikuta ndani ya kikombe: kuwafikisha Chuma na Meja mwezi wa kumi, wakiwa wawili.

Nimeona watu wakijibana katika maisha yangu. Mimi mwenyewe nimejibana, nilipunguza bia mwaka ule wa ukame, majirani ni mashahidi. Lakini Kavata hakujibana, alijikamua. Sukari ilikuwa ya kwanza. Majani ya chai yakawa yanachemshwa asubuhi, yanaanikwa juu ya sahani, yanachemshwa tena jioni. Maziwa ya mbuzi yote yakawa yanaenda hotelini sokoni. Mtungi wa gesi ukauzwa, wakarudi kwa kuni. Sabuni ya mche aliikata vipande kwa uzi, kila kipande na siku zake, na ole wako uoge nje ya ratiba. Balbu zikatolewa ikabaki moja, watu wa nyumba hiyo wakawa wanahama nayo kutoka jikoni hadi sebuleni kama wanamsindikiza mgonjwa. Binti yao Mbithe, ambaye yuko gredi ya nane, alinyolewa nywele zote kwa sababu kusukwa ni pesa. Alilia siku mbili, halafu akavaa kofia ya baba yake akaenda shule.

Lakini mimi niliguswa kwa muthokoi. Kwa wasiojua, muthokoi ni mahindi yaliyokobolewa maganda yakapikwa na maharagwe, chakula cha mtu mwenye heshima na meno machache. Kavata alipiga hesabu akaona ganda nalo ni chakula, na mashine ya kukoboa inataka pesa. Basi tukaanza kupewa mahindi mazima na maganda yake. Nilikula pale siku moja, nikashinda siku ya pili nikitoa maganda kwenye meno. Nikamwambia Ngui mke wake ananilisha kama Meja. Ngui akasema Meja anakula vizuri zaidi. Na ilikuwa kweli. Wale ng'ombe walikuwa wanapewa pumba, na chumvi ya mifugo ya kununuliwa dukani, wakati sufuria ya watu haikuwa inaonja chumvi siku tatu kwa wiki. Kavata aliwapaka dawa ya kupe kwa mkono wake mwenyewe. Meja akanawiri, nzi wakawa wanateleza mgongoni, na mwenye nyumba suruali ikaanza kumwanguka.

Vitu viwili tu Kavata hakuvipunguza: sadaka ya Jumapili, na mchango wa mbai.

Mbai ni ukoo, lakini mgeni asidhani ni jina la babu tu. Mbai yetu ina mwenyekiti, ina karani, ina mweka hazina na daftari. Kila mwanaume aliyeoa analipa kila mwaka, na tena kukiwa na mazishi, na tena mtoto wa ukoo akikosa karo. Kavata alikuwa anatia hiyo pesa ndani ya kopo kidogo kidogo. Ikitimia anampa Ngui aipeleke, kwa maana mbai ni mambo ya wanaume.

Mwezi wa tatu Ngui akaja kwangu. Msifikiri ni upendo, ni vile kwangu chai ilikuwa bado na sukari. Alikunywa vikombe vitatu, kisha akaniambia kesho ni Jumatano na pesa ya chama haijatosha, na mke wake hajalala vizuri. Mfukoni alikuwa na pesa ya mbai.

Mimi shule niliacha darasa la saba, lakini nilikuwa karani wa mbai miaka miwili, mpaka waliponiondoa kwa ajili ya kitabu cha risiti ambacho mpaka leo nasema kililiwa na mchwa. Hakuna mtu anajua hao wazee kama mimi. Nikampa ushauri.

“Hiyo pelekea Syombua,” nikamwambia. “Hawa wa mbai wanabweka tu. Mimi sijawalipa miaka sita. Ushawahi kuwaona hapa?”

“Hapana, Anko.”

“Basi. Wananiogopa. Na wewe ni damu yangu, watakuogopa pia.”

Akaondoka ameinua kichwa. Kesho yake akampa Kavata pesa, akamwambia amepata kibarua cha kuchimba mitaro upande wa Kithimani. Kavata akamsifu mbele yangu, akasema wakiendelea hivyo watafika. Nami nikanywa turungi yangu nikijisifu kimoyomoyo, kwa sababu akili iliyookoa Jumatano hiyo ilikuwa yangu. Kabla ya mwezi wa nane kopo hilo likawa limeenda kwa Syombua mara mbili tena.

Katikati ya hayo, mwezi wa tano, Kavata akauza simu ya kupangusa. Ilikuwa inakula bando, akasema, na watu wa nyumba hii hawana mtu wa kumtumia picha. Wakabaki na kabambe, simu ndogo ya vitufe, ambayo nayo ilikuwa inazimwa mchana kutwa ili isimalize stima. Uamuzi mzuri, hata mimi niliupongeza. Lakini siku hizi karani wa mbai haandiki barua. Anaandika kwenye kikundi cha WhatsApp. Ngui akawa hakioni tena hicho kikundi, na hakuna aliyewaza hilo. Mimi nilikuwa nimetolewa humo zamani, kwa ajili ya utani fulani.

Mwezi wa saba mzee mmoja wa ukoo akafa, ukatangazwa mchango wa mazishi. Ngui hakutoa, kwa sababu hakusikia. Akaitwa kwa jina kwenye kikundi ajieleze. Kimya. Akaitwa mara ya pili. Mara ya tatu wakampigia, kabambe imezimwa.

Na hapa lazima muelewe sheria yetu. Mtu asiye na pesa anakwenda mbele ya wazee, anainamisha kichwa, anasema sina. Anapewa muda, na akizidi anatozwa mbuzi, anakemewa, anasalimiwa, yameisha. Mimi nilikuwa najua hivyo na sikumwambia Ngui, kwa sababu nilikuwa nimeshamwambia hawatakuja. Lakini mtu aliyeitwa mara tatu akanyamaza, huyo hana umaskini, huyo ana dharau. Na dharau kwetu hailipwi kwa mbuzi, hulipwa kwa ng'ombe.

Walikuja Jumamosi, mwisho wa mwezi wa tisa, saa nne asubuhi. Wanaume kumi na tisa. Ngui alikuwa ameketi uani anarekebisha nira, mimi niko kando namwonyesha anavyokosea. Mbele yao alikuwa Wathome, mwenyekiti, mtu mpole wa sauti ya chini ambaye huwezi kumchukia hata ukijaribu. Wakasalimia kila mtu kwa heshima, wakaulizia mtoto. Kisha Wathome akafungua daftari akasoma: mchango wa mwaka, hakuna, wa karo, hakuna, wa kisima, hakuna, wa mazishi, hakuna, kuitwa, mara tatu, kujibu, hakuna.

Ngui akaniangalia. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Kavata alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi. Hakumwangalia Wathome, alimwangalia mume wake.

“Mimi nilitoa hiyo pesa,” akasema. “Mara tatu nilikupatia.”

Ngui akainamia nira. Nikaona Kavata akipiga hesabu ndani ya kichwa, ile mitaro ya Kithimani, zile Jumatano zilizokwenda vizuri. Akamaliza hesabu. Kisha akapiga magoti pale kwenye vumbi mbele ya Wathome, akamwambia wachukue mbuzi na mtoto wake, wachukue viti, wachukue hata mlango wa nyumba. “Hao ng'ombe ndio wanatulipia deni,” akasema. “Imebaki wiki mbili, mzee. Wiki mbili tu.”

“Mama, si mimi,” Wathome akasema, na alisema kwa huruma. “Imeamuliwa na kikao. Nikiachilia huyu, mwaka ujao nitamwambia nani alipe? Na siku yenu ikifika, nani atachimba kaburi?”

Hapo mimi nikasimama. Sikuwa nimetumwa na mtu, ni damu tu ilipanda. Nikawaambia kama wanataka mwenye deni waanze na mimi, miaka sita sijatoa hata senti, na hawajawahi kukanyaga kwangu kwa sababu wananijua. Nilisema maneno mengi na kidole hewani.

Wathome alingoja nimalize.

“Bartholomew, wewe huna deni,” akasema. “Mwanao Kimanzi hutuma pesa yako kwa simu kila Januari, kutoka Mlolongo. Alituomba tusikwambie, usione haya.”

Wengine walicheka, si kwa ubaya. Nikaketi. Ningeweza kusema, basi chukueni ng'ombe wangu badala ya Meja, nilikuwa naye mmoja wa maziwa. Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni, nayakumbuka. Sikuyasema.

Walimchagua Meja kwa sababu ndiye aliyenona. Kwetu faini ya dharau haipelekwi sokoni. Inachinjwa kwenye boma la mwenye makosa na kuliwa hapo hapo, na mke wa boma ndiye anapika ugali. Akikataa, hiyo nayo ni dharau. Kavata akapika. Unga aliokuwa ameupima wa wiki tatu ukaisha kabla ya saa tisa. Kuni zilizopangwa chini ya ghala zikaisha. Mtu akauliza chumvi, na chumvi pekee katika boma hilo ilikuwa ya ng'ombe, basi ikasagwa kwa jiwe ikanyunyizwa. Mbithe alikuwa anabeba maji. Chuma alikuwa amefungwa upande ule mwingine wa ua, na alilia mchana wote, mpaka Wathome akaomba ahamishwe bondeni.

Mtaniuliza kama nilikula. Nilikula.

Jioni ilipokaribia wakamwita Ngui, wakampa mkono mmoja mmoja, wakamwambia sasa yeye ni mtoto wao tena, asirudie. Wathome akaomba Mungu aibariki nyumba hiyo na mvua. Daftari likafungwa, wakaenda. Kwa mbai, mambo yaliishia hapo.

Jumatatu nilirudi kwao. Kavata aliniwekea chai kama kawaida, akarudi nyuma, akasimama mlangoni. Kwa mila hawezi kunifokea, nami nilikuwa natamani anifokee. Ngui alikuwa amemweleza kila kitu.

“Baba,” akasema, polepole kama mtu anayeuliza njia, “kama tungemuuza Meja mwezi wa pili vile Syombua alisema, tungekuwa tumemaliza. Na mtoto angekuwa anakunywa chai na sukari mwaka huu wote.”

 Nikasema mvua itakuja. Akaitikia, “Ndiyo, Baba,” akachukua kikombe.

Tulijaribu. Nilileta ng'ombe wangu wa maziwa, tukamfunga nira na Chuma. Akatembea hatua sita akalala. Ngui akazunguka kilima akiomba ng'ombe wa kuunganisha, lakini msimu huo nani atakupa wake, na hata angepatikana, Chuma alikuwa akifungwa na mwingine anageuza kichwa kushoto na kusimama. Mwisho Kavata akasema Chuma sasa anakula tu. Wakampeleka mnada. Wanunuzi walikuwa wameshasikia habari, na mtu anayejua huwezi kurudi nyumbani na ng'ombe wako hakupi bei. Pesa yote ikawekwa mkononi mwa Syombua siku hiyo hiyo. Ikabaki elfu kumi na nane.

Syombua hakufurahi, niseme ukweli. Alikaa na zile noti mkononi bila kuzihesabu. Akampa Kavata mpaka Januari, akasema baada ya hapo hataweza kuwazuia wengine.

Ngui akaenda Mlolongo kutafuta kazi ya kubeba magunia kwenye maghala. Kimanzi wangu anamlaza chini sebuleni kwake. Ameshatuma pesa mara moja. Akipiga simu anamwulizia Mbithe, hamwulizii Kavata, na Kavata naye haombi kupewa simu.

Na mvua ikaja. Sijaona mvua nzuri hivyo miaka minane. Watu wakawa wanafika langoni asubuhi wakiuliza Ngui ataanza na shamba la nani, wanaambiwa, wanasema pole, wanakwenda kutafuta trekta. Nilihesabu wateja kumi na wanne waliorudishwa, kisha nikaacha kuhesabu. Kavata alikuwa juu kwenye matuta na jembe la mkono, peke yake siku za shule, na Mbithe Jumamosi.

Siku ya tatu ya mvua nikaenda na jembe langu. Nilikuwa nimebeba utani mmoja mzuri njiani, nikaufikisha mpaka pale, nikaona alivyo, nikaumeza. Mkono wake ulikuwa umebaki mfupa na mshipa. Tulilima tuta moja kutoka asubuhi mpaka saa sita, yeye mbele na mimi nyuma, na kila nikiinua macho alikuwa amenizidi hatua nyingine. Mgongo ukanigomea. Nikamwuliza, ili nipumzike bila kuonekana nimepumzika, jioni watapika nini.

Akasema jioni hawapiki siku hizi. Wanakula saa nane, mara moja, inatosha. Mbithe anakula uji shuleni.

Nikamwambia ataugua.

“Sahani ya jioni ndiyo ilikuwa imebaki ya kukata, Baba,” akasema, na hakusimamisha jembe.

Nikamaliza mstari wangu, nikaenda nyumbani.